Mwacheni Garbiñe Ashuke

Kuna sentensi nimeichoka: "Angefika mbali." Husemwa kwa sauti ya huruma, kichwa kikitikiswa kidogo, kama vile tuko msibani. Nimeisikia ikisemwa juu ya binamu yangu aliyeacha udaktari mwaka wa tatu akafungua duka la vitambaa. Nimeisikia ikisemwa juu ya mwalimu wangu wa sekondari aliyekataa ukuu wa shule. Na katika miezi hii mitatu nimeisikia ikisemwa juu yangu mwenyewe. Lakini aliyenifanya nikae chini niandike si ndugu wala rafiki. Ni Garbiñe Muguruza, mcheza tenisi wa Hispania, ambaye hajui kama nipo duniani.

Ilikuwa kwenye kantini, saa saba mchana. Tulikuwa wanafunzi watano wa uzamili, sahani za wali maharage mbele yetu, tunabishana kuhusu wanamichezo waliotuangusha. Zamu yake ilipofika, mwenzangu mmoja, kijana mwerevu anayekumbuka takwimu kuliko tarehe ya kuzaliwa ya mama yake, akasema Muguruza ni kipaji kilichopotea. Mataji mawili makubwa tu, akasema, kwa mtu mwenye uwezo ule, ni aibu. Halafu akaacha akiwa na miaka 30. Wenzangu wakaafiki. Mimi nilikuwa na wali mdomoni, na nilipomaliza kumeza mazungumzo yalikuwa yamehamia Simba na Yanga. Ninachoandika hapa ni jibu ambalo sikulitoa siku ile.

Tuanze na huko kunakoitwa kupotea.

Garbiñe alizaliwa Caracas, Venezuela, Oktoba 1993, kwa mama Mvenezuela na baba Mbaski wa Hispania. Alishika raketi akiwa na miaka mitatu kwa sababu kaka zake wawili walikuwa nazo. Alipokuwa na miaka sita familia ilihamia upande wa Barcelona, na tenisi ilikuwa sehemu ya sababu. Mwaka 2014, akiwa na miaka 20, alikutana na Serena Williams kwenye raundi ya pili ya Roland Garros. Serena alikuwa bingwa mtetezi na namba moja wa dunia. Binti akashinda 6–2, 6–2. Mwaka uliofuata alifika fainali ya Wimbledon akafungwa na Serena huyohuyo. Mwaka 2016 wakakutana tena, safari hii fainali ya Roland Garros, kwenye udongo mwekundu wa Paris. Akashinda 7–5, 6–4, na pointi ya mwisho ilikuwa mpira wa juu ulioruka kichwani kwa Serena ukatua kwenye mstari wa nyuma. Kwa sekunde chache hakuna aliyejua kama umeingia au umetoka. Ulikuwa umeingia.

Fainali ya Wimbledon ya 2017 niliiona mwenyewe. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, niko Moshi nasubiri matokeo, nauza soda kwenye grosari ya shangazi. Ilikuwa Julai, ligi za mpira zimelala, ndiyo maana siku hiyo hakuna mwanamume aliyenipokonya rimoti. Upande mmoja alikuwa Venus Williams, miaka 37, bingwa mara tano wa uwanja ule. Upande wa pili msichana mrefu, mabega wima, ambaye sikuwahi kumsikia. Seti ya kwanza Venus aliongoza 5–4 akapata nafasi mbili za kuimaliza. Garbiñe akazifuta zote mbili. Baada ya hapo alishinda gemu tisa mfululizo. Tisa! 7–5, 6–0. Walipomkabidhi zawadi yake, ile sahani ya fedha wanayopewa wanawake, shangazi akauliza kutoka kaunta, "Huyo mtoto ametoka jasho lote hilo, mbona wanampa sinia?" Nikacheka mpaka chupa ikaniponyoka.

Hadi leo ndiye mchezaji pekee aliyewafunga dada wote wawili wa Williams katika fainali za Grand Slam. Septemba mwaka huo akawa namba moja wa dunia. Katika historia yote ya Hispania, wanawake watatu tu wametwaa Grand Slam ya mchezaji mmoja mmoja. Arantxa Sánchez Vicario anazo nne. Conchita Martínez anayo moja, Wimbledon ya 1994, alipomfunga Martina Navratilova. Conchita ndiye aliyekuwa amekaa kwenye viti vya kocha siku Garbiñe alipompiga Venus. Huyo wa tatu, mwenye mbili, ndiye tunayeambiwa kwamba alipotea.

Hoja ya kijana wa kantini, na ya magazeti mengi kabla yake, ni kwamba hakuwa na uthabiti. Wiki moja alikuwa moto, wiki ijayo maji. Ni kweli kwamba alipanda na kushuka, sitalificha hilo. Mwaka 2017 alirudi Paris kutetea taji lake, akatolewa raundi ya nne na Mfaransa Kristina Mladenovic mbele ya watazamaji waliokuwa wakimzomea. Kwenye mkutano na waandishi machozi yalimzidi, akatoka nje, kisha akarudi kumalizia maswali. Wiki chache tu baadaye alikuwa ameshika lile sinia la London. Mwaka 2019 ulikuwa mbaya, akaporomoka nje ya 30 bora. Januari 2020 alianza mashindano ya Australia kwa kupoteza seti ya kwanza 6–0, akiwa hayumo hata kwenye orodha ya wachezaji 32 waliopewa nafasi maalumu. Akaishia fainali, ambako Sofia Kenin alimfunga kwa seti tatu. Novemba 2021, Guadalajara, Mexico, alitwaa taji la mashindano ya WTA ya kufunga msimu, Mhispania wa kwanza kulitwaa kwa wachezaji mmoja mmoja.

Hesabu mwenyewe. Alianguka akainuka, akaanguka akainuka, akaanguka tena akainuka. Mtu anayeinuka mara tatu mbele ya kamera za dunia nzima hana tatizo la moyo wa kupigana. Mara ya nne alipoanguka alijitazama akaona hana sababu ya kuinukia palepale. Hapo ndipo tulipomgeuka.

Nani alitufundisha kipimo hiki? Nadhani ni wanaume watatu. Kwa takriban miaka 20 Roger Federer, Rafael Nadal na Novak Djokovic waligawana tenisi ya wanaume kama mashamba ya urithi: 20, 22, 24. Sisi tuliokua tukiwatazama tukaamini kwamba hivyo ndivyo bingwa anavyoonekana, na kila mwenye mbili au tatu ni mzembe. Tukasahau hesabu rahisi ya mchezo wenyewe. Grand Slam ina wachezaji 128, na 127 kati yao hurudi nyumbani wakiwa wamefungwa. Kushinda mara moja tu ni jambo ambalo wengi wa waliocheza kwa ufundi maisha yao yote hawakulipata. Aliyeshinda mara mbili tunamwuliza mara ya tatu iko wapi!

Na angalieni jinsi tunavyowapenda wanaoumia. Mwaka 2022 Nadal alitwaa taji lake la 14 la Roland Garros akiwa amechomwa sindano za kufisha ganzi ya mguu. Dunia ilisimama ikapiga makofi, mimi nikiwamo. Sina ugomvi na Nadal, mguu ni wake. Ugomvi wangu ni na sisi. Anayeua hisia za mguu wake ili aendelee tunamwita shujaa. Anayesikiliza mwili na moyo wake akaacha tunamwita mvivu. Ashleigh Barty wa Australia aliacha Machi 2022 akiwa na miaka 25 na akiwa namba moja wa dunia, na wengine hadi leo wanamngoja arudi kana kwamba amechelewa kutoka msalani.

Mtu atanijibu kwa methali: mvumilivu hula mbivu. Methali hii tumelishwa tangu chekechea, na siikatai. Lakini soma maneno yake. Inamwambia mtu asubiri hadi matunda yaive, basi. Haisemi kwamba aliyekwisha kula aendelee kukaa chini ya mti mpaka afe. Na wazee haohao waliotuachia hiyo walituachia nyingine, ngoma ikilia sana hupasuka. Kwa nini ile ya kwanza imebandikwa kwenye ukuta wa kila darasa na hii ya pili tunaikumbuka mtu akishaanguka?

Sasa niseme kinachoniuma, maana mtu anayemtetea mgeni wa mbali kwa maneno mengi hivi huwa ana lake.

Nimemaliza tasnifu yangu kuhusu vyama vya ushirika vya kahawa. Ilipita bila marekebisho makubwa. Msimamizi wangu, mtu mwema ambaye amenisomea kurasa usiku wa manane, amenitafutia nafasi ya uzamivu nje ya nchi, miaka minne, na ufadhili karibu wote. Nina hadi mwisho wa mwezi kujibu. Ninachotaka mimi ni kurudi Moshi kufundisha historia sekondari. Nilipomwambia hivyo, alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akasema, "Wewe ungefika mbali." Mama aliposikia alisema vilevile, kwa Kichagga, na kwa Kichagga inauma zaidi.

Nimejaribu kuwaeleza. Nimewaambia kwamba mwaka wa mwisho wa tasnifu nilikuwa naamka saa tisa usiku moyo ukinienda mbio bila sababu. Kwamba wiki nilizokwenda kufundisha kwa muda kwenye shule ya jirani ndizo wiki pekee nilizolala. Wananisikiliza, halafu wanasema nipumzike kidogo, nitazoea. Hakuna anayeuliza mbali ni wapi. Neno lenyewe halina mwisho. Ukipata uzamili, mbali ni uzamivu. Ukipata uzamivu, mbali ni uprofesa. Ukipata mataji mawili, mbali ni matatu.

Na mimi nina hofu yangu ambayo sijamwambia mtu. Nitajuaje kama nimetosheka au ninaogopa tu? Kwa nje vitu hivi viwili vinafanana kama mapacha. Hapa ndipo Garbiñe amenisaidia kuliko washauri wote. Hakuacha kwa hasira ya siku moja. Baada ya mechi yake ya mwisho, mwanzoni mwa 2023 huko Lyon, Ufaransa, alitangaza mapumziko, kisha akayaongeza. Alikaa zaidi ya mwaka mzima bila mashindano, akisubiri kuona kama hamu itarudi. Alipotangaza kustaafu Aprili 2024, alieleza kwamba siku zilivyosonga alijikuta anazidi kuwa na amani nyumbani, na hakuikosa ile nidhamu na ugumu wa maisha ya mwanzo. Alijipa muda wa kutosha kuusikia moyo wake, kisha akauamini. Mwaka huohuo akawa mkurugenzi wa mashindano ya WTA ya kufunga msimu, yaleyale aliyoyatwaa Guadalajara, safari hii yakifanyika Riyadh. Kwa hiyo hata tenisi yenyewe hakuikimbia, ila aliacha kuipigia magoti.

Kuna pingamizi moja ambalo haliwezi kurukwa. Huyu dada alishinda zaidi ya dola milioni 24 za zawadi. Kuacha kwake hakulazi mtu njaa. Mjomba wangu, kaka yake mama, amebeba mizigo Mlima Kilimanjaro kwa zaidi ya miaka 20, na magoti yake yalistaafu kabla yake. Yeye haachi kwa kuwa hawezi kuacha. Kulinganisha uhuru wa Garbiñe na uhuru wa mpagazi ni dharau, nami silinganishi. Lakini pingamizi hili halimsaidii yule kijana wa kantini hata kidogo. Kama kuweza kusema "inatosha" ni anasa, basi dhuluma ni kwamba wengi hawaipati. Dawa ya dhuluma hiyo haiwezi kuwa kumwaibisha mmoja aliyeipata. Inapaswa kuwa malipo na pensheni vitakavyomwezesha mjomba naye kukaa chini siku atakayochoka.

Nimemtaja mjomba, na mlima umenileta kwenye jambo la mwisho. Mwishoni mwa 2019, katika ule mwaka wake mbaya, Garbiñe alikuja Tanzania akapanda Kilimanjaro. Wakati washindani wake wanapiga mipira kujiandaa na msimu mpya, yeye alikuwa anatembea pole pole kuelekea mita 5,895. Miezi michache baadaye alikuwa kwenye fainali ya Australia. Waandishi walilipenda sana tukio hili, wakasema mlima ulimfundisha kupanda.

Nilimweleza mjomba habari hiyo kwa simu wiki iliyopita. Hakuwahi kumbebea mzigo, wala hakujua kama aliwahi kuja. Wageni ni wengi. Lakini alicheka kwa hilo la kufundishwa kupanda. "Mwanangu," akasema, "kupanda wageni wote wanajua. Wamekuja na hasira ya kupanda kutoka kwao. Kazi ni kuwashusha." Akanieleza nilichokuwa nimekisikia nusunusu tangu utotoni. Usiku wa kilele, wapagazi wengi, wale wanaoitwa wagumu, hubaki kambini na mizigo yao. Wamefika Barafu au Kibo mara mamia, na kileleni huenda wamekwenda mara chache au hawajakwenda kabisa. Hakuna anayesema wameshindwa. Wanaokwenda juu ni wageni na viongozi wao, na kiongozi mzuri hujulikana kwa jambo moja: anajua saa ya kumgeuza mgeni. Mgeni akianza kuyumba, akitapika, akijibu maswali ovyo, kiongozi anamshusha hata kama kilele kinaonekana pale. Wageni hulia, hutukana, hutaja pesa walizolipa. "Mlima haupo kileleni peke yake," mjomba akasema. "Ukifika juu uko nusu ya safari. Wengi huumia wakati wa kurudi, maana nguvu zote wamezimalizia juu."

Nikamwuliza, hao mliowageuza huwa mnawaambia nini?

"Tunawaambia pole. Halafu tunawapa chai."

Sijasikia ushauri nasaha uliopita huo katika chuo chochote. Pole, na chai. Sisi kwenye meza zetu za kantini, tuliosoma, mtu akishuka hatumpi hata pole. Tunamhesabia mita zilizobaki.

Nasema hivi, basi. Mwacheni Garbiñe ashuke. Alifika Paris, akafika London, akafika Guadalajara, na mwezi mmoja wa 2017 hakukuwa na mwanamke juu yake duniani. Hatudai chochote kwake, hakuwahi kukopa kwetu. Acheni pia kuwahesabia mita binamu zenu, walimu wenu, na wanafunzi wenu waliokuja ofisini kuwaambia kwamba wametosheka. Mkiona mtu ameacha, kabla ya kusema angefika mbali, mwulizeni alikuwa anakwenda wapi. Labda amefika, nyinyi ndio hamkuwa mmeangalia.

Barua ya chuo cha nje bado iko kwenye simu yangu, sijaijibu. Nimejiwekea siku kumi za kukaa Moshi bila kusoma kitu, nione kama hamu itarudi. Ikirudi nitakwenda, na sitaona haya kwa niliyoandika hapa. Isiporudi, nitamwandikia msimamizi wangu kwa heshima zote, nimshukuru kwa kila ukurasa aliosoma, kisha nikatafute shule.

Kabla ya kukata simu, mjomba aliuliza kuhusu yule mcheza tenisi.

"Huyo dada, alifika kileleni?"

"Alifika, mjomba."

"Akashuka salama?"

"Alishuka salama."

"Sasa hao wenzako wa chuoni," akauliza, "wanamdai nini?"